Ngoma, wahenga na misa: Kanisa libadilike hadi wapi?

Mwanaliturujia
Vijana wa kigango chetu, yaani tawi la parokia, wanataka ngoma, kucheza wakati wa wimbo wa Utukufu kwa Mungu, na wahenga watajwe katika misa. Wazee wanasema huko ni kurudisha upagani. Kwa Wakatoliki, nani ana mamlaka ya kuamua, na mpaka uko wapi?

Katekista
Anzeni na mamlaka, ndipo wengi wanapokosea. Sacrosanctum Concilium, hati ya 1963 ya Mtaguso wa Pili wa Vatikano (mkutano mkuu wa maaskofu Wakatoliki) kuhusu liturujia, yaani taratibu za ibada, inakataza katika namba 22 mtu yeyote, hata padre, kuongeza au kupunguza kitu katika liturujia kwa hiari yake. Mlango wa kubadili uko namba 37 hadi 40, na unapitia kwa maaskofu, kisha Roma. Kamati ya kigango haina uwezo huo, hata nia yake ikiwa njema kiasi gani.

Maaskofu wa Kongo, wakati huo Zaire, walipita humo, misa yao ikaidhinishwa na Roma 1988. Wahenga wanatajwa mwanzoni, baada ya watakatifu, tena ni wale wenye moyo mnyoofu tu. Wanaalikwa kusali pamoja na waamini, hawatambikiwi. Tendo la toba limehamia baada ya mahubiri na Nasadiki (kanuni ya imani), kisha watu wanapeana amani ndipo vipaji viende altareni. Ndivyo baraza la wazee linavyokwenda: kwanza kusikiliza, halafu kukiri, kupatana, na mwisho kula pamoja. Mimi naunga mkono mabadiliko ya namna hii kwa moyo wote, kwa sababu utamaduni unaifanya toba ieleweke zaidi. Kupachika ngoma katikati ya misa ili vijana wasihame ni jambo jingine kabisa.

Mwanglikana wa Kusini
Someni pia habari za Masasi, kusini mwa Tanzania. Vincent Lucas, askofu wa Kianglikana wa huko 1926 hadi 1944, hakupiga marufuku jando. Wavulana waliendelea kwenda kumbini, kwenye kambi ya jando, ila mapadre na walimu Waafrika wakasimamia, na sala zikachukua nafasi ya matambiko. Kwa wavulana ilishika. Unyago ulikuwa mgumu zaidi: mafundisho yake yako mikononi mwa makungwi, na padre mwanamume hana njia ya kuingia humo. Mila isiyo na mwenyewe ndani ya kanisa haiwezi kubadilishwa kutoka nje.

Mpiga ngoma
Kabla ya kuomba ruhusa kwa paroko, mwiteni mzee anayezijua ngoma za hapo, mumpigie kila mdundo mnaoutaka. Mwulizeni ulipigwa wapi na kwa ajili ya nini. Mdundo wa mavuno au wa kumpokea mgeni hauna tatizo. Wa kupandisha pepo uacheni, hata mkiutia maneno ya zaburi, kwa sababu wazee watausikia ule wa zamani. Ngoma kubwa ikae mbali na maikrofoni ya kwaya, la sivyo maneno ya wimbo hayatasikika. Msimu wa mvua ngozi hulegea, basi ianikeni juani au muipashe moto kidogo kabla ya misa.