Naomba ushauri: bastola za mitumba na askari wasiojali

Habari zenu wakuu. Natunza silaha kwenye kampuni binafsi ya ulinzi hapa Kampala. Mwezi uliopita tuliletewa bastola 6 zilizokwishatumika; mbili mitutu ina kutu, moja springi ya magazini imelegea hata risasi hazipandi vizuri. Bosi anasema nizipake mafuta tu. Mafuta yataponya chuma kilicholika?

Halafu vijana wenyewe! Juzi mmoja karudisha bastola imejaa matope, eti ilimdondoka akishuka kwenye boda. Na mvua za huku mnazijua.

Polisi ndio wanaotusimamia, ila nikiwaendea moja kwa moja naogopa kibarua kuota nyasi. Nimwandikie bosi barua ya kuzikataa, au nianzie wapi? Sahihi kwenye daftari la kupokelea ni yangu.