Naomba ushauri: mazoezini niko vizuri, siku ya mashindano miguu inagoma

Habari zenu wakuu. Mimi ni mkimbiaji wa mita 800. Mazoezini nafika dakika 1:58 bila shida, lakini mbio tatu za mwisho zote nimemaliza juu ya 2:03. Mwili mzima, sina jeraha, nalala vizuri isipokuwa usiku wa kuamkia mbio.

Shida inaanza tukiwa tumepangwa kusubiri kuitwa. Mdomo unakauka, viganja vinalowa jasho, nafunga kamba za viatu na kuzifungua hata mara nne. Bunduki ikilia natoka kama nimefukuzwa, mzunguko wa kwanza naumaliza kwa sekunde 56, na mita 200 za mwisho sina kitu. Ajabu ni kwamba mpango ninao kichwani kabisa: 58, halafu nishikilie.

Nimejaribu kuvuta pumzi kwa hesabu ya nne na kuitoa kwa sita. Inasaidia nikiwa nimekaa, nikisimama kwenye mstari inayeyuka. Pia kila usiku nafumba macho na kuiona mbio nzima, ila najiona nikishinda tu, sijioni nikibanwa. Kocha ananiambia "tulia", basi. Natuliaje sasa?

Maswali yangu ni mawili. Dakika zile kumi za mwisho kabla ya kukimbia, nyie mnafanya nini hasa? Na katika kuijenga mbio kichwani, niingize na ile sehemu ya maumivu, au ndiyo nitazidisha woga? Nina wiki tatu tu kabla ya mbio nyingine.