Kwanini tajiri wa Kirumi aliweka mifuko ya hela na majina ya chui kwenye sakafu yake?

Kichuguu
Wakuu heshima kwenu. Kuna picha imenikaa kichwani wiki nzima, ni mozaiki ya Kirumi, yaani picha ya sakafuni ya vijiwe, iliyopatikana Smirat kule Tunisia, siku hizi ipo makumbusho ya Sousse. Wanaume wanne wanawachoma chui wanne mikuki, damu inachuruzika kabisa, halafu kila chui kaandikiwa jina lake, Victor, Crispinus, Romanus na Luxurius. Katikati kasimama kijana na sinia lenye mifuko minne, na huku na huku kwake maandishi ya Kilatini yamejaa kama ukurasa wa gazeti. Wanyama naelewa, watu wamechora wanyama tangu enzi za mapangoni. Ila mifuko ya hela, tena sakafuni panapokanyagwa? Anayeijua naomba anieleweshe.

Msomaji wa Usiku
Mkuu hiyo sakafu ni kama risiti. Jamaa anaitwa Magerius, jina lake limo humo humo, ni mambo ya karne ya 3 baada ya Kristo. Enzi hizo matajiri wa miji ndo waligharamia maonyesho ya uwanjani kwa hela zao, wananchi wanaangalia, tajiri anajijengea jina. Na hao wapiganaji sio watu wa kuokoteza, ni kundi la kukodi linaitwa Telegenii, lilivuma sana Afrika Kaskazini, nembo yao mwezi mwandamo juu ya fimbo.

Sasa soma maandishi. Upande mmoja mpiga mbiu anawaomba mabwana wawape Telegenii dinari (sarafu za Kirumi) 500 kwa kila chui. Upande wa pili ni kelele za watu jukwaani zimeandikwa vile vile zilivyopigwa, wanamshangilia Magerius kwamba huku ndo kuwa na mali, huku ndo kuwa na uwezo, na kwamba usiku umeshaingia basi Telegenii waagwe na mifuko yao. Angalia mifuko sasa, kila mmoja una alama ya 1000. Yaani kaombwa 500 katoa mara mbili, chui wanne dinari 4000. Lakini onyesho ni la siku moja tu, jioni chui wameshakufa, hela imeshagawiwa, watu wamerudi makwao, na baada ya miaka miwili mitatu nani atakumbuka? Ndo akaita mafundi.

Fundi Marumaru
Mimi kazi yangu ni kutandika marumaru kwahiyo naongelea upande wangu. Kuhusu kukanyagwa, wenzetu hao sakafu ya chumba cha wageni ndo ilikuwa sehemu ya kujionyesha, mgeni akiingia lazima macho yashuke chini. Halafu ile kitu ni vijiwe vidogo vidogo vinapangwa kimoja kimoja kwenye chokaa mbichi, ukichelewa chokaa imekauka. Rangi ni ya jiwe lenyewe, haibanduki kama ya ukutani, ndo maana ile damu unaiona nyekundu mpaka leo. Mimi kupanga mistari iliyonyooka tu mgongo unaniuma, mwenzangu kapanga madoa ya chui na vivuli vya miguu na herufi mistari kwa mistari, namheshimu sana fundi yule na inaniuma kwamba jina la tajiri tunalo, la chui tunalo, lake hatuna.

Mama Mifugo
Mie naumia na hao wanyama jamani. Kama chui ana jina maana yake watu walimjua. Na ya Smirat afadhali, ile ya Zliten kule Libya kuna dubu na fahali wamefungwa mnyororo mmoja wararuane, na kuna binadamu kafungwa kwenye kigari kidogo anasukumwa mbele ya chui, wote hao wamewekwa sakafuni mwa nyumba ya mtu! Inayonituliza kidogo ni moja ya El Djem, Tunisia pia, ipo makumbusho ya Bardo mjini Tunis, wanaume watano wamekaa wanakunywa uwanjani na mbele yao ng'ombe madume watano wamelala mchangani, na imeandikwa nyamazeni, madume walale.

Kichuguu
Asanteni sana wakuu, hasa hilo la kelele za watu, nlidhani ni sala au sheria fulani kumbe ni uwanja mzima unapiga makelele. Fundi umenigusa. Nimerudi kuiangalia upya nimemuona mmoja wa wale wapiganaji, Spittara, kapanda ngongoti na mkuki mkononi, anapambana na chui akiwa juu ya miti ya miguuni! Na chui aliyepangiwa yeye ndo Victor, yaani Mshindi, tayari mkuki umemwingia. Mama Mifugo naitafuta hiyo ya madume waliolala.