Kukimbiza gari ndani ya handaki: wanapimaje, na adhabu ikoje?

Dereva_Mgeni:
Wadau, naomba kueleweshwa. Mahandaki mengi ya barabara kuu za Ulaya yana kikomo cha kilomita 80 kwa saa, mengine 70, ilhali nje watu wanakwenda 120. Humo ndani pakavu, hakuna upepo wala waenda kwa miguu. Wanabana ya nini? Na nikipunguza kila nikiona kamera, si inatosha?

GiaYaTano:
Haitoshi pale wanapopima mwendo wa wastani. Kamera ya kuingilia inasoma namba ya gari na saa, ya kutokea inasoma tena, umbali unagawanywa kwa muda. Austria wanafanya hivyo tangu 2003 katika handaki la Kaisermühlen, Vienna. Handaki la kilomita 6 kwa 80 ni dakika 4 na nusu. Ukitumia dakika 3 na sekunde 36, umekwenda 100. Ukikimbia 120 nusu ya kwanza, itabidi ujikokote kwa 60 nusu iliyobaki, na huko katikati bado kunaweza kuwa na tochi ya kawaida, yaani kifaa cha kupima spidi papo hapo. Spidi ya ramani ya simu usiiamini, maana setilaiti hazifiki humo. Angalia dashibodi.

Adhabu hutegemea nchi. Ujerumani, nje ya mji, ukizidisha kilomita 31 hadi 40 ni yuro 200 na pointi 1 ya makosa kwenye rekodi yako ya udereva. 41 hadi 50 ni yuro 320, pointi 2 na mwezi mzima bila kuendesha. Uswisi ndiyo usijaribu kabisa: 140 penye 80 ni jinai, kifungo kinaweza kufika miaka 4.

FundiBreki:
Hilo la "pakavu" si kweli. Matairi huingiza maji ya mvua, na ukitoka kwenye baridi kioo hushika ukungu. Macho nayo yakitoka kwenye jua kali huchukua muda kuzoea giza, na kwa 120 gari linameza mita 33 kila sekunde. Vua miwani ya jua kabla ya kuingia, washa taa za dimu.

Sasa hesabu ya breki, lami kavu, sekunde 1 ya kushtuka: kwa 80 unasimama ndani ya mita 57 hivi, kwa 120 ni kama 113. Nje ungekwepea pembeni. Ndani pembeni ni ukuta. Handaki la Tauern, Austria, Mei 1999, lori liliparamia magari yaliyosimama kwenye taa, moto ukalipuka, watu 12 wakafa. Moshi hauna pa kwenda, ndio unaoua haraka kuliko miali.

Dereva_Mgeni:
Na foleni ikisimama ndani?

FundiBreki:
Washa hazadi mapema, usimgande wa mbele. Handaki la Mont Blanc, kati ya Ufaransa na Italia, wanadai nafasi ya mita 150 kati ya gari na gari mkiwa mnatembea na 100 mkisimama. Ukiona moshi, usigeuze gari: sogea ukutani, zima injini, acha ufunguo ndani ili waokoaji waweze kuliondoa, tembea hadi mlango wa dharura. Simu ya ukutani ni bora kuliko ya mkononi, kwa sababu chumba cha udhibiti kinajua papo hapo uko wapi.