MREJESHO: Diwani aliyeahidi treni ya mjini

Wakuu, nilikuja kuuliza tumbane vipi diwani wetu, aliyeomba kura kwa ahadi ya treni ya mjini kisha akawa kimya. Mlinishauri niachane na mabango, nifuate bajeti. Asante hasa kwa aliyesema "tafuta kifungu, usitafute hotuba."

Tulikwenda wanne kwenye kikao cha wazi. Tulishapekua kitabu cha bajeti hadi macho yakauma: treni imetajwa kwenye dibaji tu, na picha nzuri ya rangi. Kwenye majedwali, hata upembuzi yakinifu (utafiti wa awali wa kuona kama mradi unawezekana) haukutengewa senti. Nikamwonyesha ukurasa wenyewe. Akaanza habari za "mchakato", nikamuuliza: njia itapita wapi, nani ataiendesha, na ruzuku itatoka wapi, maana nauli peke yake mara nyingi haitoshi? Akafuta jasho (na feni zilikuwa zinazunguka vizuri tu).

Mwishowe amekubali kupeleka hoja ya upembuzi. Tukadai iandikwe kwenye muhtasari wa kikao; imeandikwa, nakala ninayo. Kikao kijacho tunarudi na wenzetu wanaotumia viti vya magurudumu, maana suala la jukwaa la stesheni kuwa usawa mmoja na mlango wa behewa hakuna aliyeligusa.