Mdogo wangu hataki kusoma, anadai maisha yatajirudia. Nimjibuje?

Wakuu, naombeni hoja. Mdogo wangu yuko kidato cha sita, anasoma PCM. Wiki ya tatu hii hagusi daftari. Nikimsema ananijibu: "Kaka, muda hauna mwisho, ila chembe zinazounda ulimwengu zina idadi. Lazima siku moja zijipange vilevile, nikae tena kwenye kiti hiki. Nikifeli, nitafaulu raundi ijayo." Mimi nilisoma biashara, hapo nakwama. Ni kweli?

MzeeWaKijiwe: Muulize kama na ada inajirudia, ujiandae mapema.

Karata3: Dogo ana kapointi. Changa karata 52: idadi ya mipangilio inayowezekana ni namba yenye tarakimu 68. Sekunde zote tangu ulimwengu uanze, miaka bilioni 13.8 iliyopita, ni namba ya tarakimu 18 tu. Lakini ukichanga bila kuacha, mpangilio wa leo utarudi. Mwanahisabati Mfaransa, Poincaré, alithibitisha jambo la namna hiyo mwaka 1890.

TichaHesabu: Karata3, masharti umeyaruka. Poincaré alizungumzia mfumo uliofungiwa, wenye nafasi na nishati yenye mipaka. Na hata huo unarudi karibu na ulipoanzia, si palepale. Ulimwengu wetu unatanuka, na tangu 1998 tunajua kasi ya kutanuka inaongezeka. Pakiti ya karata haitanuki! Halafu kutokuwa na mwisho si kujirudia. Mwandikie 0.101001000100001... kila safari sifuri moja inaongezeka. Haiishi, haijirudii, na 7 hataikuta humo akeshe milele.

FundiSaa: Kuna mfano wa mwanafalsafa Mjerumani Georg Simmel, wa 1907, naupenda sana. Magurudumu matatu kwenye mhimili mmoja, kila moja lina alama, na alama zote zimeanza kwenye mstari mmoja. La pili linazunguka kwa kasi mara mbili ya la kwanza. La tatu, chukua kasi ya la kwanza ugawanye kwa pai (ile 3.14159... isiyoisha wala kujirudia). Yaache yazunguke milele: alama zote tatu hazitarudi kwenye ule mstari kwa pamoja. Vitu vitatu tu hivyo, wala si ulimwengu. (Mteja akiniletea saa ya hivyo namkimbia.)

BintiUbungo: Mnabishana fizikia, dogo mmemwacha kitandani. Mimi ningemkubalia: haya, yote yanajirudia vilevile. Basi na raundi ijayo atakuwa hajagusa daftari, atafeli vilevile, na atasema "raundi ijayo". Akifaulu, hayo si marudio tena, ni maisha mengine.

Karata3: Hapo nimenyoosha mikono.

Mwanzisha uzi: Nimemsomea ya BintiUbungo, kanyamaza. Nikamsomea ya FundiSaa, akasema haiwezekani, akaomba karatasi. Saa nzima sasa anachora magurudumu na kufutafuta. Sijui kama mtihani wao una magurudumu, ila kalamu ameshika.

MzeeWaKijiwe: Ada lipa tu.