Fenobabitoni hufanya nini ubongoni?

Mama wa Likoni: Assalaam aleikum. Mwanangu ana kifafa, na tangu aanzishiwe fenobabitoni husinzia juu ya daftari lake. Dawa hii hufanyaje kazi?

Mfamasia, Kisauni: Waaleikum salaam, dada. Seli za ubongo hutulizwa na kemikali iitwayo gaba, ambayo hufungua vijia vya kloraidi, yaani vitundu kwenye ukuta wa seli vinavyoingiza chembe za chumvi ziitwazo kloraidi, na seli ikatulia. Utulivu huo unapopungua, seli nyingi huweza kufyatuka kwa pamoja, na hapo kifafa humwangusha mtu. Fenobabitoni, iliyoanza kutumika mwaka 1912, huviacha vijia hivyo wazi kwa muda mrefu zaidi, na usingizi nao hutokana na utulivu huohuo.

Babu wa Mji wa Kale: Na diazepamu, ile dawa nyingine ya kutuliza kifafa?

Mfamasia, Kisauni: Hiyo, mzee wangu, huvifungua mara nyingi zaidi. Dada, usiikatize dawa ghafla. Kamweleze daktari habari ya kusinzia.